Gesi ya mtungi si gesi ya Msimbati: Masharti ya kuifunga ndani ya gari la safari

MKOA wa Mtwara unajulikana nchini kote kwa gesi. Visima vya Mnazi Bay, katika rasi ya Msimbati, vilianza kuzalisha mwaka 2006, miaka 24 baada ya gesi hiyo kugunduliwa na kampuni ya AGIP ya Italia mwaka 1982. Tangu mwaka 2015, bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 huisafirisha kutoka mtambo wa Madimba hadi Dar es Salaam.

Neno gesi lina uzito wake mjini humo. Mwaka 2013 ujenzi wa bomba hilo ulizusha maandamano na vurugu zilizogharimu maisha ya watu.

Pamoja na hayo, gesi inayochemsha chai katika nyumba nyingi za Mtwara siyo ile iliyoko chini ya Msimbati. Ukiacha baadhi ya nyumba zilizounganishwa na mabomba ya Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), wananchi hutumia gesi ya mitungi, ambayo huagizwa kutoka nje ya nchi, hushushwa katika bandari na kusambazwa mikoani kwa malori.

Kwa mpishi wa nyumbani, tofauti ya gesi hizo mbili huonekana kuwa ni jambo la wataalamu tu. Kwa mtu anayetaka kufunga jiko la gesi ndani ya gari, akapika humo na kulala humo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataamka salama.

Magari ya namna hiyo si mageni katika pwani ya kusini. Wapo watalii wanaofika Mikindani na Msimbati kwa magari yenye kitanda, jiko na friji ndani yake, ambayo hapa yataitwa magari-nyumba. Wapo pia Watanzania walioanza kugeuza mabasi madogo kuwa jiko la kuuzia chakula, ama kuwa chumba cha kulala safarini. Wote hao hukabiliwa na swali moja: mtungi ukae wapi, na gesi ikivuja itoke wapi?

Gesi mbili, tabia mbili

Gesi asilia ya Mnazi Bay kwa sehemu kubwa ni methani. Gesi hiyo ni nyepesi, uzito wake ukiwa ni kiasi cha nusu tu ya uzito wa hewa. Ikivuja hupanda juu, na palipo na dirisha la juu hutoka na kupotea.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, na butani hukaribia mara mbili. Ikivuja haipandi, bali hushuka, ikatambaa sakafuni na kutulia mahali palipo chini kuliko pote.

Tabia yake hufanana na ya maji yaliyoingia katika ngalawa. Yakishaingia hayatoki yenyewe. Ama yachotwe, ama yapatiwe tundu.

Hatari yake huanza katika kiwango kidogo sana. Hewa yenye takriban asilimia mbili tu ya gesi hiyo inatosha kuwaka inapokutana na cheche. Kwa methani, kiwango hicho huanzia asilimia tano.

Mfano wa gari lenye chumba cha urefu wa mita nne, upana wa mita mbili na kimo cha mita mbili unaonyesha uzito wa jambo hilo. Gesi ikivuja na kutandaa sakafuni kwa kina cha robo mita, gramu zinazohitajika kuifanya hewa hiyo iwake hazifiki 100. Mtungi mdogo unaouzwa madukani una gramu 6,000.

Kabati la mtungi

Kutokana na tabia hiyo, sharti la kwanza la gari-nyumba ni kwamba mtungi hauwekwi wazi ndani ya chumba. Hujengewa kabati lake ambalo halina upenyo wowote wa kuelekea wanakolala watu, na mlango wake hufunguliwa kutoka nje ya gari.

Mahali ambapo bomba linapita kutoka kabatini kwenda jikoni huzibwa kikamilifu kwa mpira maalumu. Nyaya za umeme, swichi, betri na taa havikai katika kabati hilo.

Sakafu ya kabati hutobolewa tundu linalotokea moja kwa moja nje, chini ya gari. Kiwango cha Ulaya kinachohusu magari hayo, EN 1949, kinataka tundu la chini liwe na ukubwa usiopungua asilimia mbili ya eneo la sakafu ya kabati, na kwa vyovyote lisiwe chini ya sentimita 100 za mraba. Hilo ni sawa na tundu la sentimita 10 kwa 10.

Tundu hilo lisiwe karibu na bomba la moshi wa injini wala kitu chochote chenye joto au cheche. Aidha, lisitokee mahali ambapo gesi inaweza kurudi ndani kupitia mlango au uwazi mwingine wa sakafu.

Mtungi wenyewe husimama wima, valvu ikiwa juu, na hufungwa kwa mikanda miwili ya chuma au ya turubai imara, mmoja chini na mwingine juu. Mtungi ukilazwa, gesi ya majimaji huweza kuingia katika regulata na kupeleka jikoni moto mkubwa usiozuilika.

Kutoka mtungini hadi jikoni

Ndani ya mtungi gesi hukaa kama kimiminika kwa nguvu ya mgandamizo. Propani katika nyuzi joto 20 huwa na mgandamizo wa bar saba hadi nane, na katika nyuzi 40 hukaribia bar 13. Tairi la gari dogo, kwa kulinganisha, hujazwa upepo wa kama bar mbili.

Jiko halihitaji nguvu hiyo. Majiko mengi hutumia mgandamizo wa takriban milibari 30, na kazi ya kuupunguza ni ya regulata. Kabla ya kununua, fundi husoma kibandiko cha jiko na cha friji, kisha huhakikisha kuwa regulata inatoa kiwango kilekile. Magari ya zamani yaliyotoka Ulaya huweza kuwa na vifaa vya milibari 50, ambavyo havipaswi kuchanganywa na vya milibari 30.

Mpira unaounganisha mtungi na bomba uwe wa gesi, wenye tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa juu yake, na uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Mpira wa maji au wa upepo haufai, kwa sababu gesi huulainisha na kuupasua. Kwa tahadhari, mpira wa gesi hubadilishwa ndani ya miaka mitano hata kama haujaonyesha ufa.

Ncha za mpira hubanwa kwa klipu za skrubu au viungio vya kiwandani. Waya wa kufungia, ambao huonekana katika majiko mengi ya mitaani, hukata mpira taratibu kadiri gari linavyotikisika.

Baada ya mpira huo mfupi, gesi husafiri katika bomba la shaba au la chuma. Bomba la shaba hushikizwa kwenye mwili wa gari kila baada ya nusu mita, lisichezecheze wala kusuguana na bati. Kila kifaa huwekewa koki yake, ili friji iweze kufungwa bila kuzima jiko.

Jiko linalofaa kwa gari ni lile lenye kifaa cha kukata gesi moto unapozimika. Upepo wa baharini huzima moto mara nyingi, na bila kifaa hicho gesi huendelea kutoka kimyakimya.

Mitungi ya kujazwa na mitego yake

Katika nchi za Ulaya, wenye magari-nyumba wengi hufunga mtungi wa kudumu ambao haubadilishwi, bali hujazwa kituoni kama mafuta. Mtungi huo hutofautiana na wa kawaida, kwa sababu ndani yake una boya linalofunga njia ya gesi mtungi unapofika asilimia 80.

Asilimia 20 inayobaki si hasara. Gesi ya majimaji hutanuka inapopata joto, na mtungi uliojazwa hadi juu ukaachwa juani hauna nafasi ya kutanukia. Mgandamizo hupanda ghafla hadi valvu ya usalama ifunguke na kumwaga gesi, au chuma kipasuke.

Mfumo huo wa kudumu una tundu la kujazia lililofungwa ubavuni mwa gari kwa nje. Mpira unaotoka hapo kwenda mtungini hubeba kimiminika chenye mgandamizo wote wa mtungi, hivyo haupitishwi katika chumba cha kulala na hauchongwi na fundi wa mtaani. Huwa ni wa chuma kilichosukwa, wenye valvu ya kuzuia gesi isirudi nyuma.

Mtego wa kwanza kwa anayefika nao Tanzania ni kudhani kwamba atajaza katika kituo cha gesi ya magari. Vituo hivyo, ambavyo vilianzia Dar es Salaam, huuza gesi asilia iliyogandamizwa kwa takriban bar 200. Mtungi wa gesi ya kupikia hupimwa kiwandani kwa kama bar 30 tu. Kuunganisha viwili hivyo ni kutengeneza bomu.

Mtego wa pili ni kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, kwa kupindua mmoja juu ya mwingine. Kazi hiyo haina boya la kuzuia, haina mizani, na kila mara humwaga gesi chini, miguuni mwa anayeifanya.

Kwa sababu hiyo, ujazaji wa gesi nchini ni kazi ya mitambo yenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Si kazi ya duka wala ya karakana.

Afrika Mashariki imekwisha kuona gharama ya kupuuza jambo hilo. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko ulitokea katika eneo la Embakasi jijini Nairobi, mahali ambapo gesi ilikuwa ikijazwa bila kibali. Watu walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na nyumba za jirani ziliteketea.

Kwa msafiri wa Mtwara, njia iliyo rahisi na salama zaidi ni kabati lililopimwa kwa mtungi wa kawaida wa kilo 6 au 15, unaobadilishwa kwa wakala. Wakati wa kubadilisha, mnunuzi ana haki ya kuona lakiri haijakatwa na kutaka mtungi upimwe kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa juu yake. Ukijumlishwa na kilo za gesi ndipo hupatikana uzito kamili.

Mtungi unaoonekana kubonyea, ulioliwa na kutu chini au ambao tarehe ya kupimwa imepita, hukataliwa. Vilevile vichwa vya mitungi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kati ya nchi na nchi. Anayevuka Ruvuma kupitia Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, huhitaji regulata inayolingana na mitungi ya upande wa pili, na si kulazimisha kiungio kisicholingana.

Kupima kabla ya kuwasha

Kazi ikimalizika, mfumo hupimwa kwa hewa kabla ya gesi kuingizwa. Mabomba kuanzia baada ya regulata hujazwa hewa hadi milibari 150, huachwa dakika tano yatulie, kisha kipimo hutazamwa kwa dakika nyingine tano. Mshale ukishuka, mahali fulani panavuja.

Ndipo hufuata gesi yenyewe na povu la sabuni. Kila kiungio hupakwa povu, na mapovu yanayokua huonyesha uvujaji. Kiberiti hakitumiki kamwe katika upimaji huo, ingawa wapo wanaojivunia ujasiri wa kukitumia.

Upimaji wa povu hurudiwa kila mtungi unapobadilishwa. Ule wa hewa hurudiwa kila mwaka, na kila baada ya safari ndefu ya barabara mbovu.

Mchanga, chumvi na mbu

Mwambao wa Mtwara una masharti yake ambayo vitabu vya Ulaya havikuyafikiria.

La kwanza ni mchanga. Barabara ya kuelekea Msimbati na Ruvula, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, hupita katika mchanga mwingi. Tundu la chini ya kabati huweza kuzibwa na mchanga uliolowana bila dereva kujua. Hivyo kila gari linaposimama kwa ajili ya kulala, tundu hukaguliwa kwa mkono.

La pili ni mbu na vumbi. Wasafiri wengi huziba matundu ya sakafu kwa kitambaa au gundi ili wadudu wasiingie, na kwa kufanya hivyo hugeuza kabati kuwa ndoo ya gesi. Dawa yake ni wavu wa chuma wenye macho makubwa kidogo, pamoja na kuongeza ukubwa wa tundu ili kufidia nafasi iliyochukuliwa na nyaya za wavu.

La tatu ni chumvi. Upepo wa bahari hula chuma, na kutu huanzia kwenye duara la chini la mtungi ambako maji hujificha. Mtungi hufutwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kabati hupakwa rangi, na klipu huchaguliwa za chuma kisichoshika kutu.

La nne ni mahali pa kuegesha. Gari lililozama kwenye mchanga hadi tumbo likagusa chini halina njia ya kutolea gesi. Hali kadhalika, gari lililosimama katika bonde dogo kati ya vilima vya mchanga huzungukwa na gesi yake lenyewe. Ni vyema kuchagua mahali palipoinuka na penye upepo, na upande wa kabati uwe na kivuli mchana.

Kulala na kusafiri

Chumba cha gari huhitaji hewa ya kudumu juu na chini, ambayo haifungwi hata mvua inaponyesha. Moto wa jiko hula oksijeni, na ukipungukiwa hewa hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Moto wenye afya ni wa bluu. Ukigeuka kuwa wa njano na kuacha masizi, jiko huzimwa na milango hufunguliwa.

King'ora cha gesi ya mtungi hufungwa karibu na sakafu. Hapa ndipo tofauti iliyoelezwa mwanzoni hurejea kwa namna nyingine: king'ora cha gesi asilia hufungwa karibu na dari, na mtu akinunua hicho kwa makosa hulala akiamini kuwa analindwa. King'ora cha kaboni monoksaidi ni kifaa tofauti, na hufungwa usawa wa kichwa cha mtu aliyelala.

Kabla ya kulala na kabla ya kuondoka, valvu ya mtungi hufungwa. Hali ni hiyo hiyo kabla ya kuingia kituo cha mafuta na kabla ya kupanda kivuko. Friji ya gesi huzimwa safarini. Chakula kilichopoa hukaa baridi kwa saa kadhaa mlango usipofunguliwa.

Harufu ya gesi ikisikika, hakuna taa inayowashwa wala kuzimwa, simu haiguswi na injini haiwashwi. Watu hutoka nje, valvu hufungwa iwapo kufika kwake ni salama, milango huachwa wazi, na wote husimama upande ule upepo unakotoka. Simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, hupigwa kutoka mbali. Kizimamoto cha unga mkavu hukaa mlangoni, si nyuma ya jiko.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034. Maana yake ni kwamba mitungi itazidi kuingia mahali ambapo haikuwapo: vibanda vya chips, jahazi na magari ya safari.

Si kila atakayeinunua atapata fundi wa kumweleza. Lakini atakayekumbuka kwamba gesi hiyo hushuka, akaiachia njia ya kutokea chini, atakuwa ameshika nusu ya elimu yote. Nusu iliyobaki ni kufunga valvu kabla ya kulala.